Digrii Tano za Yazmirat

Saa tisa alasiri, siku ya kwanza ya Arobaini ya Joto, zile siku arobaini kali kuliko zote za kiangazi, Ogultachi alikaza ushungi wake, akachukua penseli na daftari, akavuka ua wa kituo cha hali ya hewa cha Akguyi. Ni hatua ishirini na sita kutoka mlango wa ofisi hadi kwenye kibanda cheupe cha vipimajoto, kilichosimama juu ya miguu minne pembeni mwa reli. Alipanda ngazi ya vidaraja vitatu, akafungua kijimlango, akazuia pumzi isije ikapandisha kipimo, akasogeza jicho sawasawa na zebaki. Kipimajoto cha kilele kilisema arobaini na tisa.

Alishuka, akaingia ofisini, akainua simu.

"Akguyi," alisema. "Arobaini na nne."

"Arobaini na nne," ilijibu sauti ya wilayani, na kalamu ikasikika ikiandika.

Kisha akarudi kibandani kumaliza kazi. Kipimajoto cha kilele hakishuki chenyewe. Zebaki yake hubaki pale joto lilipofika mpaka mtu akitoe na kukikung'uta kwa nguvu, mkono umenyooka kutoka begani. Ogultachi alikikung'uta mara tatu, na digrii tano ambazo hazikuandikwa popote zikadondoka mchangani.

Zilikuwa punje za rangi ya chai iliyokolea, kubwa kidogo kuliko mtama, na nzito kuliko mtu anavyodhani akizitazama. Aliinama akaziokota moja moja, akazipuliza mchanga, akazigusisha kwenye paji la uso, akazifunga kwenye pembe ya ushungi. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku na chembe ya mkate iliyoanguka, na Ogultachi hakuona sababu ya kuzifanyia digrii tofauti. Kilichotoka juu hakiachwi chini kikanyagwe. Angekuwa mtu wa kwingine angezipiga teke zikazama mchangani, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa kuziokota. Ofisini kwa mkuu wa stesheni kuna kanuni ya reli, imetundikwa ndani ya fremu ya mbao yenye kioo: joto likifika digrii arobaini na tano, genge linaloondoa mchanga kwenye reli litaweka mabeleshi chini hadi jua litue, na treni zitapunguza mwendo. Ni kanuni nzuri, hata mwandiko wake ni mzuri. Tangu itundikwe, Akguyi haijafika arobaini na tano hata siku moja. Wiki ile ile ilipotundikwa ilikuja simu kutoka wilayani kumweleza Ogultachi kwamba treni zina ratiba, kwamba mchanga haumsubiri mtu, na kwamba vipimajoto vya zamani hutia chumvi, jambo ambalo mpimaji mwenye busara analielewa. Wakati ule Ogultachi alikuwa na mume mgonjwa, na paa lililomfunika mgonjwa lilikuwa la kituo. Alielewa.

Nyumbani alizihifadhi kwenye sanduku la mbao alilokuja nalo siku ya harusi yake, chini ya mifarishi ya pamba. Kufikia mwaka wa tatu hakuhitaji tena kuni. Paka wote wa stesheni walihamia juu ya sanduku, na majirani wakaanza kumtania kwamba ni bahili wa kuni. Aliwafunulia mfuniko wakaona. Wakasema, kumbe, wakaomba chache za kukaushia nepi.

Jambo moja hakuwaambia. Digrii ikifumbwa kiganjani ikapata joto la mwili, alasiri yake hurudi yote, hata ile iliyofuata baada ya kukung'utwa. Baada ya mumewe kufa, Ogultachi alikuwa akikaa kitako kando ya sanduku na kumsikiliza akikohoa uani, kiangazi cha miaka minane iliyopita, huku treni ya kubeba matikiti maji ikipita bila kusimama na nzi akigonga kioo cha dirisha. Kumbukumbu huchagua. Alasiri hizi zilikuja nzima, pamoja na nzi wake.

Basi siku hiyo ya kwanza ya Arobaini, Hojageldi, msimamizi wa genge, alisimama kwenye uzio kama kawaida yake. Alikuwa amevaa kofia kubwa ya manyoya ya kondoo, ile ambayo wanaume wetu huivaa kiangazi ili jua lisiufikie ubongo.

"Leo ngapi, shangazi?"

"Arobaini na nne."

"Na jana?"

"Arobaini na nne."

"Joto letu lina adabu sana," alisema Hojageldi. "Linafika mlangoni, linavua viatu, linakataa kuingia ndani." Akaisogeza kofia, akarudi kwenye reli.

Nusu saa baadaye, digrii tano zikiwa bado kwenye pembe ya ushungi wake, Ogultachi alisikia mabeleshi yakinyamaza yote kwa pamoja. Mabeleshi ya Akguyi huwa hayanyamazi kabla ya jua kutua. Akaweka kalamu chini akasubiri, na alipomwona Hojageldi anakuja bila kofia, alijua kuna mtu amefunikwa nayo uso.

Alikuwa Yazmirat, mtoto wa Bibijemal wa nyumba ya pili, miaka ishirini na sita. Alianguka karibu na nguzo ya kilomita mia mbili na kumi na mbili, beleshi liko mkononi. Kwenye harusi ya vuli iliyopita kijana huyu aliwaangusha mieleka wanaume saba, akaondoka na kondoo dume wa zawadi mabegani, huku kondoo mwenyewe akiwa hana la kusema.

Hati ya kifo ilikuja kwa treni baada ya siku tisa. Iliandikwa: moyo dhaifu. Daktari wa wilayani hakumwona Yazmirat. Alitazama daftari la hali ya hewa la tarehe ishirini na tano Juni, akakuta arobaini na nne, akaona joto hilo haliui mtu mwenye afya, kwa hiyo mtu huyo hakuwa na afya. Ukiifuata akili yake hatua kwa hatua, huoni pa kuikosoa.

Arobaini ya Yazmirat iliangukia siku ile ile Arobaini ya Joto ilipokwisha. Watu walikula, wakasoma dua, wakanawa mikono. Kisha mama wa kijana aliyemposa Maral, dada yake Yazmirat, akatoa mfukoni kitambaa cha posa, kile walichopewa walipokubaliwa, kimekunjwa vizuri, akamkabidhi Bibijemal.

"Usitufikirie vibaya, dada yangu," alisema. "Msichana wako hana kasoro. Lakini moyo ni kitu cha ukoo, na sisi tunataka wajukuu wa kuishi."

Bibijemal akakipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Maral alikuwa mlangoni amebeba birika la chai. Akaendelea kumimina, vikombe vyote, bila kumwaga tone.

Ogultachi na Bibijemal walikuwa wakioka mkate kwenye tanuri moja la udongo kwa miaka ishirini. Mwezi Septemba, asubuhi moja, Bibijemal aliinamia mdomo wa tanuri, mkono ndani, akibandika unga ukutani, akauliza bila kugeuka:

"Siku ile ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Hiyo ni ya simu. Nakuuliza ya kibandani."

Ogultachi alitazama viganja vyake vilivyojaa unga. "Arobaini na tisa."

Bibijemal akabandika mkate mwingine. "Nilijua. Siku ile kuku wangu walitaga mayai yameshaiva nusu. Nilitaka tu kukusikia ukisema."

"Mwenzangu, ningesema siku ile, mwanao angekuwa—"

"Usimalizie. Mkate utaungua."

Walitoa mikate, wakaifunika kwa kitambaa. Ogultachi akaenda nyumbani, akarudi na kopo la majani ya chai lenye zile digrii tano. Digrii za siku ile hakuzichanganya na nyingine, wala hakuthubutu kuzisikiliza. Alimweleza Bibijemal zilivyo na zinavyosikilizwa, akamwekea kopo mapajani, akaondoka. Aibu ilimshika hivi kwamba alisahau mkate wake mwenyewe.

Bibijemal alikaa kizingitini akazisikiliza moja baada ya nyingine, maana kila moja ilikuwa na kipande chake cha alasiri. Katika digrii ya arobaini na tano mabeleshi yalikuwa yakienda sawasawa, na Yazmirat anacheka. "Kaka Hoja, hiyo kofia umeivaa wewe, au chawa wamekualika humo?" Katika ya arobaini na sita aliomba maji, akasema yana moto wa kutosha chai, bado majani tu. Katika ya arobaini na saba hapakuwa na maneno, ila mabeleshi yalikuwa yamepunguza mwendo. Katika ya arobaini na nane alisema, "Kaka Hoja, kichwa hiki. Nikae kidogo kivulini," na Hojageldi akamjibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka mwenyewe, "Maliza hapa kwanza, mdogo wangu. Wamesema arobaini na nne." Ya arobaini na tisa ilikuwa na mchanga tu, na kishindo, na kile kimya.

Alipomaliza alizisikiliza tena kinyumenyume, kuanzia ya arobaini na tisa kurudi ya arobaini na tano. Kwa njia hiyo mwanawe alikuwa akiinuka kutoka mchangani, kichwa kikaacha kumuuma, akanywa maji, akafika kwenye kicheko. Bibijemal alifanya hivyo kila siku kabla ya kukanda unga, na wote wa nyumba ile walinyamaza mpaka Yazmirat amalize kucheka.

Ogultachi naye alipiga moyo konde, akainua simu. Aliyekuwa akipokea miaka yote kumi na moja aliitwa Meredov, mkuu wa kumbukumbu za hali ya hewa wilayani. Hawakuwahi kuonana.

"Nataka kusahihisha tarehe ishirini na tano Juni," alisema Ogultachi. "Iwe arobaini na tisa."

"Dada yangu," alisema Meredov polepole, "ukisahihisha siku moja, watu watauliza habari za siku nyingine."

"Waulize."

"Watamuuliza aliyesoma. Sahihi za kwenye daftari ni zako, zote. Mimi ni msikilizaji tu."

Ogultachi alirudisha simu mahali pake, kwa sababu hilo lilikuwa kweli.

Majira yakageuka. Kwetu mwaka una Arobaini mbili, ya Joto na ya Baridi, na ya pili haina huruma zaidi ya ya kwanza. Ila baridi huandikwa yote. Hakuna kanuni ya baridi kwenye fremu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupiga simu kutaka ipunguzwe. Wiki ya pili ya Januari Ogultachi aliandika ishirini na saba chini ya sifuri, na wilayani wakaandika ishirini na saba chini ya sifuri.

Siku hiyo dhoruba ya theluji iliyochanganyika na mchanga iliizuia treni ya abiria kilomita mbili kabla ya Akguyi. Hojageldi na genge lake waliifuata reli wakiwa wamejifunga kamba, wakawaleta abiria stesheni kwa miguu, watu sitini na watatu. Kuni za saksauli, ule mti mgumu wa jangwani, zilizokuwepo ziliisha asubuhi ya siku ya pili. Walichoma mabenchi, kisha ubao wa ratiba. Mkuu wa stesheni alikuwa akiitazama fremu ya kanuni, nayo ilikuwa ya mbao nzuri, Ogultachi aliposema, "Iacheni hiyo. Hojageldi, njoo tubebe sanduku langu."

Wakaliweka katikati ya chumba cha kungojea. Ogultachi akaondoa mifarishi, akachukua kata ya kutekea maji, akaanza kugawa. Aliwapimia kila mtu kata moja, wenye watoto mbili, dereva wa treni moja na nusu kwa sababu alikuwa mkubwa wa mwili. Watu walinyoosha mikono, wengine kofia, wakashukuru, wakafumba viganja.

Mwanzo barafu iliteleza kutoka kwenye vioo vya madirisha ikaanguka vipande vizima. Kisha kuta zikaanza kutoa jasho. Kisha viangazi kumi na moja vikafunguka ndani ya chumba kimoja, na nikwambie, hakuna aliyekuwepo ambaye leo anazungumzia chumba kile kwa sauti ya kawaida. Zilikuwa alasiri mia nne na zaidi, zote zikisikika pamoja na hakuna iliyoizuia nyingine: ngamia wakilalamika kisimani, treni za matikiti, redio za nyumba zilizokwisha kubomolewa, mabeleshi, mabeleshi, mabeleshi, na marehemu wa Akguyi wakiitana kunywa chai. Mumewe Ogultachi alikohoa. Abiria mmoja, mwanamke kijana, alikuta mkononi mwake alasiri aliyopita hapa miaka saba nyuma akiwa bibi harusi, dirisha la behewa liko wazi, akajisikia mwenyewe akiuliza kama mji wa mume uko mbali bado. Alikaa na mkono sikioni hadi machozi yakamkauka. Dereva wa treni alivua kofia akaishika kifuani, na wanaume wengine wakavua zao.

Nje theluji ilirudi nyuma kutoka kwenye jengo, hatua arobaini kila upande. Pale ilipotoka mchanga ukanywa maji, na kabla ya saa sita mipopi, yale maua mekundu ya jangwani, ilikuwa imechanua hadi kwenye reli. Kobe wakatoka ardhini wakidhani ni Aprili. Walikula maua bila haraka, dhoruba ikipiga pande zote, wakaitazama stesheni, wakaendelea kula. Abiria walisimama madirishani wakitazama. Ninavyojua mimi hiyo ndiyo siku pekee ambayo watu wa treni iliyochelewa hawakumlaumu mtu.

Lakini digrii ikitolewa sandukuni ikapambana na baridi kubwa kama ile huisha. Zilipungua zikawa kama haradali, kisha vumbi, kisha viganja vikabaki vitupu. Kufikia siku ya tatu kata iligonga mbao za sanduku. Mipopi ikaganda wima, kobe wakarudi walikotoka, na Ogultachi akawa anazunguka akiwagusa watu pua na vidole. Kwenye kona alimkuta mwanamume mwenye viatu vya ofisini, alivyotembelea kilomita mbili za theluji. Alipomvua, miguu ilikuwa na rangi ya mshumaa. Digrii zake zote alikuwa amempa bibi aliyeketi karibu naye, hilo lazima lisemwe.

"Unaisikia miguu yako?" Ogultachi alimuuliza.

"Tangu jana siisikii," alisema mwanamume yule, na Ogultachi akaitambua sauti.

Alitoka akaenda nyumba ya pili. Bibijemal na Maral walikuwa chini ya mifarishi yote waliyokuwa nayo, mikono ya Bibijemal imefumbatwa kifuani.

"Zako ndizo zilizobaki," alisema Ogultachi. "Kuna mtu miguu yake inakufa. Ni Meredov."

"Yule wa simu?"

"Yule wa simu."

Bibijemal alizidi kukaza mikono kifuani. Maral ndiye aliyeinuka kwanza, akatoa kwenye kabati soksi za sufu za kaka yake, akampa mama yake. Wakavuka theluji wote watatu.

Bibijemal alimwangalia Meredov, akaiangalia miguu yake. Akamkunjua kiganja, akamwekea ndani digrii ya arobaini na tisa, akamfumba vidole.

"Moyo wa mwanangu ulikuwa mzima," alisema. "Sikiliza."

Meredov alisikiliza. Alikuwa mtu aliyesikia Akguyi ikisema namba moja miaka kumi na moja, na sasa alikuwa akisikia mchanga, kishindo, na kimya cha mabeleshi. Uso ulimlegea. Ilipokwisha hakufungua mkono.

"Ilikuwa arobaini na tisa," alisema.

"Sema tena."

"Arobaini na tisa, mama."

"Utaandika?"

"Nikifika tu. Wallahi nitaandika."

Basi Bibijemal akaitoa digrii ile kiganjani mwake, akapiga magoti. Mguu wa kulia aliuwekea ya tisa na ya nane, wa kushoto ya saba na ya sita, akaivalisha soksi za Yazmirat, akaikumbatia kwenye mapaja yake hadi vidole vikarudi rangi. Yazmirat aliomba maji, akalalamika kichwa, akaanguka, ndani ya soksi, kwa sauti iliyozidi kupungua. Kilipofika kile kimya, Yazmirat hakuinuka tena. Digrii ya arobaini na tano hakuitoa. Aliifunga kwenye leso, akairudisha kifuani.

Siku ya nne kilifika kichwa cha treni cha kusukuma theluji. Meredov alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye behewa, akageuka mlangoni, akaweka mkono kifuani. Watu wote sitini na watatu waliondoka hai.

Bibijemal alianza kungoja hati. Mwezi Februari alikwenda stesheni kila treni ilipopita, na Machi vilevile. Maral alikikunjua kile kitambaa cha posa akakipiga pasi, kwa sababu mama yake alisema hati ikifika wakwe watakitaka tena, na hakipaswi kuwa na makunyanzi. Mimi niliiona pasi hiyo ikipita, wiki baada ya wiki, na nilitamani Meredov angeiona.

Katikati ya Aprili treni ya mizigo ilishusha sanduku la bati, jipya, rangi ya kijani, lenye kufuli na namba ya mali ya serikali ubavuni. Lilikuwa kubwa mara tatu ya lile la harusi. Ndani mlikuwa na barua na kifurushi. Barua ilikipongeza kituo cha Akguyi kwa akiba iliyookoa maisha ya abiria sitini na watatu, ikaagiza kwamba kuanzia kiangazi hiki digrii zote zinazozidi arobaini na nne zihifadhiwe katika sanduku hili rasmi kwa matumizi ya dharura za baridi, na kwamba ufunguo akae nao mpimaji. Chini ilikuwa sahihi ya Meredov. Habari za tarehe ishirini na tano Juni hazikuwemo. Kwenye kifurushi mlikuwa na soksi za Yazmirat, zimefuliwa, zimetiwa kiraka kisigino, zimekunjwa vizuri.

Bibijemal akazipokea kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza ya Arobaini ya Joto, saa tisa alasiri, alikuwa amekaa kwenye kidaraja cha chini cha ngazi ya kibanda kabla Ogultachi hajafika. Hakukuwa na joto kali sana mwaka ule. Ogultachi alipanda, akafungua, akazuia pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu kanuni itundikwe akaona kipimajoto cha kilele kimesimama kwenye arobaini na nne kamili. Alimwambia Bibijemal.

"Niachie nafasi," alisema Bibijemal.

Alipanda akasimama ubavuni mwa mwenzake, wanawake wawili wazima kwenye ngazi ya mtu mmoja. Akafungua leso. Akaishika digrii yake sikioni kidogo, hadi kicheko kilipopita, kisha akaigusisha kwenye tumbo la kipimajoto. Ikaingia. Zebaki ikapanda kijistari kimoja ikatulia. Wote wawili waliisoma sawasawa na jicho, bila kuhema.

Ogultachi akaenda kwenye simu. Bibijemal alisimama naye, sikio karibu.

"Akguyi," alisema Ogultachi. "Arobaini na tano."

Upande wa pili alisikika mtu akivuta pumzi.

"Arobaini na nne," ilisema sauti ya Meredov taratibu. Kalamu ikasikika ikiandika. "Sanduku lilifika salama?"

"Lilifika."

"Na mama yule hajambo?"

Ogultachi alimtazama Bibijemal, ambaye alikuwa akiitazama fremu ya kanuni kupitia mlango uliokuwa wazi wa ofisi ya mkuu wa stesheni.

"Yupo hapa," alisema, akakata simu.

Walirudi kibandani. Ogultachi alikikung'uta kipimajoto mara tatu, na digrii moja ikadondoka mchangani. Ilikuwa ndogo na mchanga ulikuwa wa rangi yake, hivyo Bibijemal ilimbidi apige magoti na kuitafuta kwa vidole, kila mahali, huku jua likimchoma mgongo. Aliipata. Akaipuliza, akaigusisha kwenye paji la uso, akaifunga kwenye leso. Sanduku la kijani lilikuwa kibarazani, mfuniko wazi, halina kitu.

Hojageldi alikuwa amesimama kwenye uzio.

"Leo ngapi, shangazi?"

"Arobaini na tano," alisema Ogultachi.

Hojageldi aliegemea beleshi lake. Alimtazama Ogultachi, akamtazama Bibijemal, mwenye mchanga magotini, na akaisogeza kofia nyuma.

"Na wilayani?"

"Arobaini na nne."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akaishusha kofia hadi kwenye nyusi, akachukua beleshi, akarudi kwenye reli.